Kitabu Kimoja, Wasomaji Mia

Anayetaka kujua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanasoma nini asianzie maktaba. Aanzie kwenye vibanda vya fotokopi. Vimo ndani ya chuo, vipo nje ya mageti, vipo njia za kwenda Changanyikeni na Savei, na ndani yake mna mafungu ya nakala kuu zilizoandikwa namba za kozi kwa kalamu ya wino mzito. Mwanafunzi anataja namba, anatajiwa bei ya ukurasa, anasubiri madesa yake yabanwe kwa spairo. Siku hizi anaweza kufika hapo akiwa na kitabu kizima ndani ya simu, na bado akaomba sura mbili zitolewe kwenye karatasi.

Ulaya na Marekani, wengi wanaoandika kuhusu kitabu cha kielektroniki husimulia ushindani. Karatasi iko upande huu, kioo kiko upande ule, na msomaji anaulizwa amechagua kipi. Mlimani, kama chuo hiki kinavyoitwa mtaani, mambo hayakwenda hivyo. Kitabu cha kielektroniki hakikumkuta mwanafunzi ameshika kitabu kipya cha dukani. Kilimkuta ameshika fotokopi, na fotokopi nayo ilikuwa imerithi kazi ya mashine iliyoitangulia. Historia ya usomaji chuoni hapo ni historia ya kurudufu, na bila kuijua hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini wasomaji wa leo wanakitumia kitabu cha kielektroniki namna wanavyokitumia.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Kwa darasa la ukubwa huo kila mtu aliweza kukifikia kila kitabu. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, na Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichokiunganisha na Makerere na Nairobi kilipovunjwa, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Wanafunzi waliongezeka haraka kuliko nakala za vitabu. Maktaba ikajibu kwa desturi ambayo vizazi vingi vya wahitimu vinaikumbuka: vitabu vya lazima viliwekwa kwenye sehemu ya akiba, msomaji akaazimwa kwa saa chache, akasomea humo humo, akarudisha ili mwenzake achukue. Mwanafunzi alijifunza kusoma huku akitazama saa. Alijua kwenda moja kwa moja kwenye sura aliyoelekezwa, kunakili mambo makuu, na kuacha sura nyingine bila kuzigusa.

Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu miaka mingi baadaye watafiti wa Uingereza watakuja kuwashangaa wasomaji wa vitabu vya kielektroniki kwa tabia hiyo hiyo.

Kiu ya kusoma ilipozidi uwezo wa rafu, wanafunzi walijitengenezea njia. Novemba 1969 umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kimapinduzi, USARF, ulioundwa mwaka 1967 Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wake, ulishirikiana na tawi la vijana wa TANU chuoni kutoa jarida la Cheche. Jarida hilo halikupita kiwanda cha uchapaji. Makala yalipigwa taipu kwenye karatasi za stensili, yakapitishwa kwenye mashine ya kurudufu, kurasa zikapangwa kwa mkono na kubanwa pini. Miongoni mwa wahariri walikuwa Karim Hirji, Zakia Meghji na Henry Mapolu. Katika toleo maalumu la mwaka 1970 ilitoka insha ya Issa Shivji, The Silent Class Struggle, iliyochambua matabaka katika Tanzania ya Azimio la Arusha. Cheche ilipigwa marufuku mwaka huo huo. Insha ya Shivji haikufa. Tanzania Publishing House iliitoa kama kitabu mwaka 1973. Nakala ya stensili ilitangulia, kitabu cha chapa kikafuata, na waliosoma ile ya kwanza hawakujiona wanasoma kitu pungufu.

Kipindi hicho hicho Walter Rodney, mhadhiri wa historia hapo Mlimani, alikuwa akiandika How Europe Underdeveloped Africa. Mwaka 1972 kitabu kilitolewa kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Uamuzi wa kukichapa pia nyumbani ulikuwa na uzito mkubwa. Kitabu cha nadharia kilichoandikwa kilimani kiliweza kununuliwa mjini kwa shilingi, bila kusubiri meli wala fedha za kigeni. Ni vitabu vichache vya kiada vya chuo kikuu vilivyopata bahati hiyo. Vingi viliandikwa ng'ambo, vikachapwa ng'ambo, na bei yake ikapangwa kwa mfuko wa ng'ambo.

Gharama ya utegemezi huo ilionekana miaka ya 1980. Vita dhidi ya Idi Amin, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliifanya nchi ihesabu kila dola, na majarida ya kitaaluma hayakuwa juu kwenye orodha ya mahitaji. Usajili ulikatika. Kwenye rafu, mfululizo wa majarida uliishia mwaka fulani kama barabara iliyokatwa na mafuriko. Misaada ilikuja, ikiwemo ile ya shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly na ambalo leo ni Book Aid International, lakini kitabu cha msaada huchaguliwa na anayetoa, na mtaala wa kozi haungojei hisani. Mhadhiri aliyerudi kutoka masomoni nje akiwa na nakala yake moja ya kitabu kipya alikuwa, kwa vitendo, ndiye maktaba ya somo hilo.

Hapo ndipo fotokopi iliposhika hatamu. Biashara ilipolegezwa na mashine kuanza kuingia kwa wingi, nakala moja ya mhadhiri iliweza kuwa nakala mia kwa siku moja. Kozi ikapata bunda lake: sura tatu za kitabu hiki, makala mawili ya jarida lile, kurasa za ripoti ya serikali, vyote vimebanwa pamoja bila jalada la awali. Mwanafunzi alisoma sana, lakini mara nyingi alisoma sura zilizotengwa na vitabu vyake, bila dibaji, bila faharasa, wakati mwingine bila jina la mwandishi, kwa kuwa ukurasa wa kwanza ulikatwa kupunguza gharama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliacha nafasi kwa matumizi ya kufundishia, ila kurudufu kitabu kizima kwa ajili ya kuuza ni jambo jingine, na waandishi wa nyumbani ndio walioumia zaidi.

Mvutano huu haukuwa wa Dar es Salaam peke yake. Mwaka 2012 wachapishaji wa Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walikishtaki kibanda cha Rameshwari Photocopy Services, kilichokuwa ndani ya Delhi School of Economics, kwa kuuza mabunda ya kozi ya aina hiyo hiyo. Septemba 2016 mahakama ya Delhi ilikipa kibanda ushindi kwa hoja ya elimu, na Machi 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi yao. Mwenye kibanda cha Changanyikeni angeielewa hukumu ile bila kufafanuliwa.

Turudi nyuma: wakati mashine za kurudufu zikifanya kazi Dar es Salaam, kitabu cha kielektroniki kilikuwa kimeshazaliwa katika chuo kikuu kingine. Tarehe 4 Julai 1971 Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois aliyepewa ruhusa ya kutumia kompyuta kubwa ya chuo, aliketi akaandika kwa mkono wake Azimio la Uhuru wa Marekani ndani ya mashine ili wengine walisome. Ndivyo ulivyoanza Project Gutenberg. Lengo la Hart lilikuwa kurudufu bila kikomo wala gharama. Maandishi yakishaingia mara moja, yanasomwa na yeyote.

Biashara iliyofuata ilikwenda njia nyingine. Kampuni ya NetLibrary, iliyoanzishwa mwaka 1998 huko Colorado, iliuzia maktaba za vyuo vitabu vya kielektroniki kwa sharti kwamba nakala moja isomwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili angoje wa kwanza arudishe. Teknolojia iliyoweza kumhudumia kila msomaji kwa pamoja ikafungwa makusudi ili ifanane na rafu. Foleni ya sehemu ya akiba, iliyotokana na uhaba wa kweli wa karatasi, ikatengenezwa upya kwa mkataba.

Afrika Mashariki iliyafikia maandishi ya kielektroniki kwanza kupitia sayansi na kupitia majarida. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza TEEAL, maktaba ya kilimo iliyojazwa kwenye diski ili isihitaji intaneti kabisa. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa HINARI, uliofungua takriban majarida 1,500 ya tiba kwa taasisi za nchi maskini, bure au kwa bei ndogo. Maktaba za Kenya ziliungana katika KLISC, za Tanzania katika COTUL, ili zijadiliane na wachapishaji kwa sauti moja. Ila intaneti yenyewe ilikuja kwa setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Kupakua makala moja kulimaliza subira ya mtu. Mambo yalibadilika Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipowashwa na kuziunganisha Dar es Salaam na Mombasa na dunia kwa njia ya bahari. Mikongo ya TEAMS na EASSy ikafuata muda mfupi baadaye. Ndani ya miaka michache kitabu cha kurasa 400 kikawa kitu cha kutumiana kwa dakika moja.

Miaka hiyo hiyo ndipo wanafunzi wa nchi tajiri walipoanza kuchunguzwa kwa karibu. Uingereza iliweka vitabu 36 vya kiada mtandaoni bure kwa wanafunzi wa vyuo 127, kisha kuanzia mwaka 2007 watafiti wa University College London wakafuatilia kumbukumbu za mitambo kuona nani anafungua nini. Waliona wasomaji wakiingia, wakitafuta neno, wakitazama kurasa chache kwa haraka na kutoka. Ni wachache waliokaa. Mauzo ya nakala za karatasi, ambayo wachapishaji walihofia yangeporomoka, hayakuporomoka. Wanafunzi walikitumia kitabu cha mtandaoni kuchimba jibu na cha karatasi kusoma.

Mwaka 2009 Amazon ilipeleka Kindle DX, kifaa cha kusomea vitabu, kwa majaribio katika vyuo kadhaa vya Marekani. Princeton iligawa vifaa kwa wanafunzi wapatao 50. Karatasi waliyochapisha ilipungua kwa karibu nusu, lakini malalamiko yalikuwa bayana: ilikuwa vigumu kupigia mstari, vigumu kuandika pembeni, vigumu kurudi kwenye ukurasa uleule mhadhiri anapoutaja darasani. Mwanafunzi wa chuo hasomi kama msomaji wa riwaya safarini. Anasoma na kalamu, anarudi nyuma, anafungua vitabu vitatu kwa pamoja, na kifaa kile hakikuwa kimetengenezwa kwa mtu wa namna hiyo.

Takwimu zilizofuata zilielekea upande huo huo. Diane Mizrachi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake waliwauliza wanafunzi 10,293 katika nchi 21, na matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba walio wengi wanapendelea karatasi kwa masomo yao, hasa maandishi yakiwa marefu. Mwaka huohuo kundi lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Valencia lilijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi, tofauti ilikua pale msomaji alipobanwa na muda, na miaka ya kuzoea vioo haikuifuta. Uchunguzi wa Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith nchini Israel, uliotolewa mwaka 2011, unaelekeza kwenye sababu moja: anayejifunza kwenye kioo hujipima vibaya. Huamini ameelewa kabla hajaelewa, kisha huacha kusoma mapema.

Matokeo haya yanahitaji kusomwa upya Dar es Salaam, kwa kuwa kioo kinachozungumzwa huko mara nyingi ni cha kompyuta ya mezani au kishikwambi. Hapa msomaji mara nyingi hana zaidi ya simu. PDF iliyopangwa kwa ukubwa wa karatasi haijikunji kulingana na kioo kidogo. Msomaji anavuta mstari kushoto, anausukuma kulia, anapoteza alipoishia. Juu yake unateremka ujumbe wa kundi la WhatsApp la darasa, ambalo ndilo lililomletea kitabu chenyewe. Hapo kwenda kibandani kutoa sura mbili ni akili nzuri ya matumizi. Simu inamsaidia kupata kitabu, kukihifadhi na kutafuta neno. Karatasi inamsaidia kukielewa usiku wa kuamkia mtihani, bila bando na bila chaji. Kwa hiyo kitabu cha kielektroniki kimekuwa nakala kuu mpya. Zamani ilikaa kwa mhadhiri, kisha kwenye fungu la kibanda, sasa ipo mfukoni mwa kila mmoja.

Kuna kundi moja ambalo kwalo kuchagua kati ya karatasi na kioo si suala la upendeleo hata kidogo: wasomaji wasioona. Majaribio yale ya Kindle yaliishia mahakamani Juni 2009, pale chama cha wasioona cha Marekani kilipokishtaki Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kwa kutumia kifaa ambacho orodha zake za kuchagua kitabu hazikusomwa kwa sauti. Maridhiano yalifikiwa Januari 2010. Kwa msomaji asiyeona, maandishi ya kielektroniki yaliyotengenezwa vizuri ni ukombozi, kwani programu humsomea kitabu kizima siku ile ile kinapotoka, bila kungoja breli. Lakini sehemu kubwa ya PDF zinazozunguka vyuoni ni picha za kurasa, mara nyingi picha za fotokopi, na kwa programu hiyo picha ya ukurasa haina neno hata moja. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu kugeuzwa na kuvushwa mipaka kwa ajili ya wasomaji hawa. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Ruhusa ya kisheria sasa ipo. Kilichobaki ni kazi ya mikono, ya kuketi na kugeuza picha kuwa maandishi, kozi kwa kozi. Kazi hiyo inastahili fedha na watu kabla ya mapambo mengi ya kidijitali.

Novemba 2018 Rais John Magufuli alifungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Wapo walioshangaa kuona jengo kubwa namna hiyo likijengwa katika zama za simu. Hawakuwa wamefikiria ni nini mwanafunzi wa chumba cha watu wengi anakosa: meza, mwanga, na utulivu wa saa nne mfululizo. Vyuo vya Tanzania vilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 1 Juni 2020, umuhimu wa mahali pa kusomea ulionekana wazi. Wenye vitabu ndani ya simu walikuwa navyo hata kijijini, na si wote waliokuwa na mahali pa kuvisomea.

Lililo zito zaidi sasa ni umiliki. Usajili ulipokatika miaka ya 1980, matoleo ya zamani yalibaki rafuni. Mtafiti wa leo anaweza kuyapata mwaka kwa mwaka, mpaka pale yalipoishia. Kitabu cha kielektroniki kinachokodishwa kwa mwaka hakiachi kitu. Ada isipolipwa, vinaondoka vyote, vya zamani na vipya, na wanafunzi wanarudi kwenye nakala zisizo na ruhusa zinazopita Telegram. Maktaba inayosaini mkataba bila kifungu cha kubaki na vitabu vyake imekodi, haijanunua, na wakutubi wa Afrika Mashariki wana haki ya kulidai hili kwa pamoja kupitia miungano yao.

Upande wa Kiswahili pengo ni pana zaidi. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza anaweza kufungua kitabu na uhakiki wake mtandaoni. Anayesoma riwaya, tamthilia na ushairi wa Kiswahili bado anategemea nakala chache zilizochoka, na kibanda. Wachapishaji wa nyumbani wapo na njia ipo. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, huuza vitabu vyake ng'ambo kupitia African Books Collective, ushirika ulioundwa na wachapishaji wa Afrika mwaka 1985, na vitabu vya ushirika huo vinasomwa kielektroniki na vyuo vikuu vya Marekani kupitia Project MUSE. Chuo kinachofundisha Kiswahili kikikaa na wachapishaji hawa, kikalipia sura zinazohitajika kwa kila kozi na kuziweka katika umbo linalosomeka kwenye simu na kusikika kwa asiyeona, mwandishi atapata chake, na mwenye kibanda ataendelea kuzichapa sura hizo hizo kwa ruhusa, kwa yeyote anayetaka kuzisoma na kalamu mkononi.